Kuzidisha Polinomia kwa Maneno: Historia Fupi ya Aljebra na Swali la Lugha katika Lubumbashi

1. Utangulizi

Kanuni ya kuzidisha polinomia inaweza kuelezwa kwa sentensi moja. Mtu akitaka kuzidisha jumla moja kwa jumla nyingine, hana budi kuhakikisha kwamba kila kipande cha jumla ya kwanza kimezidishwa kwa kila kipande cha jumla ya pili, kisha akusanye pamoja vipande vinavyofanana. Yote mengine yanayofundishwa katika mlango huu wa aljebra, kama vile mabano, alama za kujumlisha na kutoa, na kanuni za vipeo, ni matunzo ya sentensi hiyo.

Sentensi hiyo tumeiandika kwa Kiswahili, na hatukuona shida yoyote kuiandika. Hata hivyo, mwanafunzi wa Lubumbashi huisikia kwa Kifaransa. Mwanafunzi huyo hununua unga kwa Kiswahili, hugombana na kupatana kwa Kiswahili, na akiwa na wenzake nje ya darasa hueleza hata somo la asubuhi kwa Kiswahili, ingawa maneno ya kitaalamu hubaki ya Kifaransa. Lakini afikapo kwenye ubao wa aljebra lugha hiyo huachwa mlangoni. Wengi wetu tumezoea kuona kwamba ndivyo ilivyo kwa maumbile ya mambo: kwamba lugha ya sokoni ni ya kujumlisha na kutoa, na aljebra ni ya lugha kubwa.

Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa mizani ya historia. Tutaangalia kwanza jinsi polinomia zilivyozidishwa kabla ya kuwako kwa herufi na alama tunazozitumia leo. Kisha tutamtazama mwanahisabati mmoja wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliyeshika suala la polinomia na suala la lugha yake kwa wakati mmoja. Baada ya hapo tutarudi Lubumbashi, tuone lugha ya hisabati ilivyopangwa katika shule zetu, na mwisho tujaribu kuifanya kazi yenyewe kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba kilichoizuia aljebra isisemwe kwa Kiswahili ni mpaka uliochorwa na sera za shule, wala si upungufu wa lugha.

2. Aljebra iliyoandikwa bila herufi

Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, wakati wa utawala wa Khalifa al-Ma'mun, yaani kati ya mwaka 813 na 833. Msomaji wa leo akikifungua kitabu hicho hushangaa jambo moja: hakina mlinganyo hata mmoja kwa umbo tunalolijua. Hakuna x, hakuna alama ya kujumlisha wala ya usawa. Hata namba zimeandikwa kwa maneno. Kila kitu kimeelezwa kwa sentensi za kawaida za Kiarabu.

Katika sentensi hizo, kiasi kisichojulikana huitwa ama shina ama kitu. Kitu kikizidishwa kwa chenyewe, matokeo huitwa mali. Namba tupu huhesabiwa kama dirhamu. Kwa hiyo kile ambacho sisi tungekiandika x² + 10x, yeye angekitaja kuwa ni mali moja pamoja na mashina kumi. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi ili alitambue neno mali. Ni lile lile. Alichokuwa nacho mwandishi huyu mbele ya macho yake ni mambo ya watu wenye mali, kwa maana sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu wasia na mirathi, yaani namna ya kugawa urithi kwa haki. Na maneno hayo nayo, wasia na mirathi, yamo katika Kiswahili.

Kitabu kina sehemu maalumu inayohusu kuzidisha. Mwandishi anaanza na namba za kawaida. Anaeleza kwamba namba kubwa ikiwa imeambatana na mamoja, ama yameongezwa juu yake ama yamepunguzwa, kazi ya kuzidisha huwa ni nne: kubwa kwa kubwa, kubwa kwa mamoja, mamoja kwa kubwa, na mamoja kwa mamoja. Kumi na moja kwa kumi na mbili, kwa mfano, hutoa mia moja, kisha ishirini, kisha kumi, kisha mbili, jumla 132. Kumi kasoro moja kwa kumi kasoro moja hutoa mia, hupunguza kumi mara mbili, kisha huongeza moja, jumla 81. Hapo mwandishi anatoa kanuni ya alama bila alama: mamoja ya pande zote mbili yakiwa ya kuongezwa, au yote mawili yakiwa ya kupunguzwa, zao la nne huongezwa; yakiwa yamehitilafiana, zao hilo hupunguzwa.

Hatua ifuatayo ndiyo yenye uzito kwetu. Mahali pa yale mamoja, al-Khwarizmi anaweka kitu, na kazi inaendelea vile vile. Kumi na kitu kwa kumi na kitu hutoa mia, vitu ishirini, na mali moja. Kumi na kitu kwa kitu kasoro kumi hutoa mali moja kasoro mia. Kwa maandishi yetu:

(10 + x)(10 + x) = 100 + 20x + x²
(10 + x)(x − 10) = x² − 100

Hivyo, kuzidisha polinomia kulizaliwa kama mwendelezo wa hesabu ambayo mchuuzi huifanya kichwani. Mtu anayejua kwamba 11 mara 12 ni lazima ihesabiwe mara nne amekwisha kuikamata kanuni. Kilichobaki ni kukubali kwamba moja ya namba hizo haijulikani bado.

3. Kutoka majina hadi jedwali

Waliomfuata al-Khwarizmi walikwenda mbali zaidi, nao pia waliendelea kutumia maneno. Abu Kamil wa Misri, aliyeishi takriban kati ya mwaka 850 na 930, na al-Karaji, aliyeandika mjini Baghdad mwanzoni mwa karne ya 11, walihitaji majina ya vipeo vya juu. Kipeo cha tatu kiliitwa kaab, yaani mchemraba. Kipeo cha nne kiliitwa mali ya mali, cha tano mali ya mchemraba, na cha sita mchemraba wa mchemraba. Katika mpango huu kuzidisha ni kuyaweka majina pamoja. Mali kwa mchemraba ni mali ya mchemraba: mbili na tatu ni tano. Kanuni ya kujumlisha vipeo, ambayo wanafunzi wetu huikariri kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, ilikuwa imelala ndani ya majina yenyewe.

Al-Samaw'al, aliyezaliwa Baghdad yapata mwaka 1130 na kufariki Maragha yapata mwaka 1180, alifanya jambo jingine. Katika kitabu chake al-Bahir, ambacho inasemekana alikiandika akiwa na umri wa miaka 19, alipanga vipeo katika safu za jedwali, vya upande huu wa moja na vya upande ule, kisha akaandika chini ya kila safu namba yake tu. Mahali pasipokuwa na kitu aliweka sifuri. Kwa njia hiyo polinomia iligeuka kuwa mstari wa namba, na kuzidisha au kugawanya polinomia kukawa karibu sawa na kuzidisha au kugawanya namba ndefu. Maneno mawili yanayohitajika ili kuifahamu kazi hii, jedwali na sifuri, ni ya Kiswahili leo kwa sababu yalikuwa ya Kiarabu jana.

Isije ikadhaniwa kwamba tunadai Kiswahili kilirithi aljebra kwa kurithi maneno. Mali, hesabu, sifuri, nusu, robo na thuluthi yalifika pwani kwa njia ya biashara, sheria na dini. Lakini ushahidi huu unatufundisha jambo moja: kwa muda wa karne kadhaa polinomia zilizidishwa na kugawanywa kwa sentensi za kawaida, kwa maneno yaliyookotwa katika maisha ya kawaida, kama vile kitu, mali na shina. Herufi zilikuja baadaye sana. François Viète alizitumia kwa utaratibu katika kitabu chake cha mwaka 1591, na maandishi ya vipeo tunayoyajua yalienea baada ya kitabu cha René Descartes cha mwaka 1637. Alama zilikuja kufupisha maelezo ambayo tayari watu waliweza kuyatoa kwa kinywa.

4. Simon Stevin na heshima ya lugha yake

Kati ya Baghdad na Descartes yuko mtu mmoja ambaye kisa chake kinatugusa sisi wa Katanga kwa namna ya pekee. Simon Stevin alizaliwa Brugge mwaka 1548, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, akahamia kaskazini, na akafariki mwaka 1620. Mwaka 1585 alitoa mjini Leiden kitabu kiitwacho L'Arithmétique, kwa Kifaransa. Humo aliandika vipeo vya kisichojulikana kwa namba zilizozungushiwa duara, akazishughulikia polinomia kama vitu vya kuhesabiwa kwa haki yake zenyewe, hata akaonyesha kwamba njia ya zamani ya Euklides ya kutafuta kigawo kikubwa cha pamoja cha namba mbili inafaa pia kwa polinomia mbili. Katika maandishi yake, kuzidisha kipande kwa kipande ni kuzidisha namba za nje na kujumlisha namba za ndani ya duara.

Lakini mwaka uliofuata, 1586, Stevin alichapisha kitabu cha elimu ya mizani kwa lugha ya mama yake, Kiholanzi, na mwanzoni mwake akaweka hotuba ndefu kuhusu heshima ya lugha hiyo. Wasomi wa zama zake waliandika kwa Kilatini. Kiholanzi kilikuwa lugha ya mabaharia, mafundi na wauza samaki. Stevin alijibu kwa kuhesabu: alikusanya orodha za maneno mafupi ya silabi moja, akaonyesha kwamba lugha yake ina utajiri wa maneno ya namna hiyo kuliko Kilatini na Kigiriki, na kwamba maneno mafupi yanayounganika vizuri ndiyo yanayofaa kujengea istilahi. Kisha akazijenga. Hisabati aliipa jina la wisconst, yaani ufundi wa yaliyo hakika, na mistari isiyokutana akaiita evenwijdig, kwa maana ya iliyo mbali sawasawa. Maneno hayo yapo hata leo katika lugha hiyo, la kwanza likiwa limegeuka umbo kidogo na kuwa wiskunde. Mwaka 1600 ilifunguliwa Leiden shule ya wahandisi iliyofuata mpango wake, ambamo hisabati ilifundishwa kwa Kiholanzi, kwa sababu waliohitaji kuijua walikuwa wapimaji ardhi na wajenzi wa ngome.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ushindi huo haukukamilika katika nchi alikozaliwa. Baada ya Ubelgiji kujitawala mwaka 1830, Kifaransa ndicho kilichotawala elimu ya juu hata katika majimbo ambayo watu wake walisema Kiholanzi. Ni mwaka 1930 tu ndipo Chuo Kikuu cha Gent kilipofanywa kwa kudumu kuwa chuo cha Kiholanzi, baada ya miongo mingi ya mabishano ambamo ilisemwa mara nyingi kwamba lugha hiyo haifai kwa sayansi. Mwaka huo huo wa 1930, katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliundwa Kamati ya Lugha iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili. Wakati huo Elisabethville, mji wetu, ulikuwa na umri wa miaka ishirini.

5. Lugha ya hesabu katika Elisabethville

Kiswahili kilifika Katanga kabla ya mji. Misafara ya biashara ya karne ya 19, na dola la Wayeke la Msiri huko Bunkeya, viliunganisha nchi hii na njia za kwenda pwani. Lakini Kiswahili cha Lubumbashi tunachokijua kilikua pamoja na migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa mwaka 1910, na kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilipogeukia zaidi wafanyakazi kutoka ndani ya Kongo na Ruanda-Urundi, Kiswahili kikawa lugha ya kambi, karakana na shule za misheni. Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ameieleza historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni. Vijitabu vingi vya Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa wakati ule vilikuwa vitabu vya kutoa amri: leta, beba, chimba, nyamaza.

Shule zilifuata mantiki ya namna hiyo hiyo. Mtoto wa Kiafrika alianza kuhesabu kwa lugha ya Kiafrika, kwa kuwa elimu yake ilitarajiwa kuishia karibu. Kifaransa kilikuwa cha wachache waliotazamiwa kuwa makarani na wasaidizi. Shule za sekondari kamili kwa Waafrika zilichelewa, na chuo kikuu cha serikali hapa Elisabethville kilifungua milango yake mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Kwa hiyo aljebra ilipowafikia watu wa Katanga kwa wingi kidogo, iliwafikia kwa Kifaransa na katika ngazi ambayo lugha yao ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Baada ya uhuru mpaka huo ulisogezwa huku na huko. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Katika miaka ya 1970 hali ilijadiliwa upya. Vyuo vikuu vitatu vilipounganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, masomo ya lugha na fasihi yaliwekwa katika kampasi ya Lubumbashi, na kituo cha isimu, CELTA, kikafanya kazi zake hapa. Kati ya tarehe 22 na 26 Mei 1974 wanaisimu wa nchi nzima walikutana katika mji huu kwa semina yao ya kwanza ya kitaifa, wakajadili maandishi na matumizi ya lugha zetu katika elimu. Katiba ya mwaka 2006 inaitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na pia masomo ya kufundishwa.

Hata hivyo, kwa vitendo nafasi hiyo ni ya madarasa ya mwanzo. Na hapa Lubumbashi haiko peke yake. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967, sekondari imebaki kwa Kiingereza. Mtoto wa Dar es Salaam na mtoto wa Lubumbashi wana historia mbili tofauti na lugha mbili tofauti za kigeni, lakini wanavuka mpaka mahali pamoja. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya namba kumebaki upande wa Kiswahili. Namba inapogeuka kuwa herufi, lugha nayo hugeuka. Mwanafunzi anatakiwa apokee siku moja wazo jipya na lugha ambayo hajaimiliki, na akishindwa husemwa kuwa hana akili ya hisabati.

6. Kuifanya kazi yenyewe

Hoja za kihistoria hazitoshi. Tuijaribu kazi. Tuseme mwalimu wa Lubumbashi anataka kueleza kwa Kiswahili jinsi ya kuzidisha x + 3 kwa x + 5.

Anaweza kuanza na salamu. Familia moja imekwenda kwa nyingine kwa habari za mahari. Wageni ni wawili, wenyeji ni watatu. Adabu inataka kila mgeni amsalimu kila mwenyeji. Akirukwa mmoja, maneno huanza. Salamu zitakuwa sita. Mabano mawili ya polinomia ni familia mbili zilizokutana: kila kipande cha kwanza kinapeana mkono na kila kipande cha pili. Jumla yenye vipande viwili ikikutana na jumla yenye vipande vitatu, mazao ni sita kabla ya kukusanya.

Sasa kosa maarufu kuliko yote katika somo hili linaelezeka. Wanafunzi wengi, wakiulizwa (a + b)², hujibu a² + b². Ukiwaambia kwa Kifaransa kwamba wamesahau zao maradufu, watakariri kanuni mpaka siku ya mtihani. Ukiwaambia kwamba kuna watu wawili upande huu na wawili upande ule, na kwamba wamehesabu salamu mbili tu kati ya nne, watazitafuta wenyewe zile mbili zilizorukwa: a kwa b, na b kwa a. Jibu ni a² + 2ab + b². Kama wana shaka, na waweke namba: 10 na 3 ni 13, na 13 mara 13 ni 169. Mia moja na tisa peke yake ni 109. Zile 60 zilizopotea ndizo salamu mbili za 30.

Turudi kwenye swali letu. Kitu na tatu kwa kitu na tano: kitu kwa kitu ni mali moja; kitu kwa tano ni vitu vitano; tatu kwa kitu ni vitu vitatu; tatu kwa tano ni kumi na tano. Vitu vitano na vitu vitatu ni vitu vinane. Jibu ni mali moja, vitu vinane, na kumi na tano:

(x + 3)(x + 5) = x² + 8x + 15

Msomaji mwanaisimu ataona jambo ambalo mwanahisabati angeweza kulipita. Vitu vitano na vitu vitatu vimejumlishwa kwa sababu ni vya ngeli moja na vinapatana. Mali imebaki peke yake, nayo ni ya ngeli nyingine. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unafanya hapa kazi ya onyo: mali moja na vitu vinane haviwezi kuitwa kwa pamoja mali tisa wala vitu tisa. Kosa la kuandika x² + 8x = 9x³, ambalo kila msahihishaji wa mitihani amelikuta, ni kosa ambalo sikio la Mswahili lingelikataa kama lingepewa nafasi ya kulisikia. Kweli, upatanisho wa Kiswahili cha Lubumbashi ni mwepesi kuliko wa pwani, na hapa mtu husema bintu mahali pa vitu. Lakini bintu na mali ni majina mawili, na tofauti hiyo ndiyo inayotakiwa. Msaada huu wa ngeli una kikomo chake, hasa vipeo vinapozidi kuwa vingi; hapo alama huchukua nafasi, kama zilivyochukua nafasi Ulaya karne nne zilizopita. Hakuna anayependekeza tuitupe x.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la istilahi. Litasemwa kwamba Kiswahili hakina jina la polinomia isipokuwa hilo la kuazima. Ni kweli, na Kifaransa nacho kimeliazima kutoka Kigiriki na Kilatini. Stevin alitafsiri maneno mengi lakini aliazima mengine bila haya. Kwa Kiswahili yako tayari maneno yanayotumika Tanzania, kama mlinganyo, kipeo, zao, mabano na kipeuo, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilionyesha mwaka 1990, kwa kamusi yake sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kwamba kazi ya kukusanya istilahi za sayansi inawezekana. Ugumu wa Lubumbashi ni kwamba maneno hayo ya Tanzania ni mageni hapa karibu kama yale ya Kifaransa, wakati mazungumzo ya mji tayari hukipa kitenzi cha Kifaransa viambishi vya Kiswahili na kukiendesha bila taabu. Hatuoni sababu ya kulazimisha upande mmoja. Jina linaweza kuazimwa kutoka popote. Maelezo ndiyo yasiyoazimika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wazazi wengi wataona kwamba kumfundisha mtoto aljebra kwa Kiswahili ni kumfungia mlango wa chuo kikuu na wa kazi, na wana haki ya kuogopa, maana wakoloni nao waliwafundisha Waafrika kwa lugha zao ili wasifike mbali. Tofauti iko katika kusudi. Lugha ya mwanafunzi ilitumiwa zamani kama ukuta wa kumzuia asipande. Hapa tunaizungumzia kama ngazi ya kupandia. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kwa nini mazao ni manne hatapungukiwa na kitu akiyasoma mazao hayo kwa Kifaransa kesho yake. Yule aliyekariri kwa Kifaransa bila kuelewa hana cha kutafsiri kwenda lugha yoyote.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kuzidisha polinomia kulianza kwa sentensi za kawaida katika lugha iliyokuwa ya wafanyabiashara na mahakimu kabla ya kuwa ya wanahisabati; kwamba mwana wa Brugge aliyeziandika polinomia kwa Kifaransa aliona haja ya kuipigania lugha ya wavuvi wake; na kwamba lugha yake ilisubiri hadi mwaka 1930 kupewa chuo kikuu katika nchi ile ile iliyokuja kututawala. Wabelgiji waliotuambia kwamba Kiswahili ni cha amri walikuwa na ndugu zao nyumbani walioambiwa maneno ya namna hiyo.

Watu wa Lubumbashi wamekwisha kuonyesha kwamba hawangoji ruhusa. Mwaka 1965 André Yav alitunga, kwa Kiswahili cha mji huu, historia ya Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, maandishi ambayo Fabian aliyachapisha mwaka 1990. Kama lugha hiyo iliweza kubeba historia ya mji mzima, haitaelemewa na mabano mawili.

Kazi inayobaki ni ya chini na ya subira. Idara zetu za lugha na za hisabati, ambazo madirisha yake yanatazamana, zinaweza kuanza kwa kukusanya maneno ambayo walimu wa sekondari wa Kenya, Katuba, Ruashi na Kamalondo huyatumia pale wanapoona kwamba darasa halikuelewa, wakaiweka kando chaki ya Kifaransa kwa dakika tano. Maneno hayo yako tayari. Husemwa kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa, kana kwamba ni kosa. Yaandikwe, yalinganishwe na yale ya Tanzania, na yarudishwe kwa walimu hao mlango ukiwa wazi.